Kabla hujamnunulia mwanao "mafuta ya bangi" ya kifafa

Tangu ndugu zangu wa Tanga wajue kwamba mwanangu, huku Uingereza, anatumia dawa inayotokana na bangi, simu haipoi. "Dada, nitumie na mimi kachupa kamoja." Nawaelewa. Ukikesha na mtoto anayekakamaa, utajaribu chochote.

Dawa hiyo ni Epidyolex: kanabidioli (kemikali mojawapo ya bangi) iliyosafishwa, miligramu 100 kwa mililita, ndani ya mafuta ya ufuta yenye ladha ya stroberi. Hailevyi. Marekani iliiidhinisha mwaka 2018 na Ulaya 2019, kwanza kwa aina mbili za kifafa sugu cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Wangu ana Dravet. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza bei, muulize daktari mtoto ana kifafa cha aina gani. Wagonjwa wa kifafa 7 kati ya 10 wanaweza kukaa bila kuanguka kwa dawa za kawaida, wakizipata na kuzimeza inavyotakiwa. Na mwenye Dravet akipewa kabamazepini, mojawapo ya dawa hizo za kawaida, mishtuko inaweza hata kuzidi.

Miujiza usitarajie. Katika utafiti wa 2017 wa watoto na vijana 120 wenye Dravet, waliopewa kanabidioli walishuka kutoka mishtuko kama 12 kwa mwezi hadi 6. Kwetu pia imepungua, haijaisha. Hapa mishtuko isipopungua kwa angalau asilimia 30, dawa husitishwa, ndiyo maana daftari halibanduki kando ya kitanda: saa ngapi, dakika ngapi, mkono upi ulianza. Daftari hilo hata wewe unaweza kulianza leo.

Huanza na miligramu 5 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, asubuhi nusu na jioni nusu, kisha daktari hupandisha. Sisi humpa baada ya kula, kila siku vilevile, kwa sababu chakula chenye mafuta huifanya iingie mwilini kwa wingi zaidi. Mtoto huweza kuharisha na kukosa hamu ya kula. Ikikutana na klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, huleta usingizi mzito. Wangu alikuwa akisinzia uji ukiwa bado mdomoni, mpaka daktari akapunguza klobazamu. Ikikutana na valproeti, nayo dawa ya kifafa, ini hupimwa kwa damu mara kwa mara.

Vichupa vya mtandaoni ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2017 watafiti Marekani walipima bidhaa 84 za kanabidioli zilizouzwa mtandaoni: 26 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC, ile inayolevya. Unampimiaje mtoto hapo? Tena bangi Tanzania ni kesi, na mtu wa forodha hatasoma daftari lako. (Na aliyenishauri nimfukizie mtoto moshi: hapana, shemeji.)

Kama mwanao yuko kwenye fenobabito, dawa ya kawaida ya kifafa, usiikatishe ghafla ili "kupisha" mafuta. Kuikata hivyo kunaweza kuleta mshtuko usiokatika, na ukipita dakika 5, ni hospitali moja kwa moja. Hata mwanangu hakuachishwa dawa zake za zamani. Hii iliongezwa juu yake.