Jaza tu, maoni yanasomwa

Mkuu, umeuliza kama kujaza dodoso la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika (ule wa dadu na kitabu cha kanuni) ulioko kwenye majaribio ni kupoteza muda. Hapana. Mwaka 2018 kampuni ya Paizo ilitoa toleo la pili la Pathfinder, mchezo wa aina hiyo, lijaribiwe na yeyote. Ndani yake kulikuwa na kanuni iitwayo Resonance: kila mhusika alipewa pointi chache kwa siku, na hata kunywa dawa ya kuponya kulikula pointi. Yaani mpiganaji yuko hoi, chupa anayo mkononi, pointi zimeisha, inabidi arushe dadu kuona kama dawa itakubali! Wachezaji wakapiga kelele, na kitabu kilipotoka Agosti 2019 kanuni hiyo haikuwemo.

Ila usiandike "mbovu" ukaishia hapo. "Raundi ya tatu tulikwama dakika kumi tukitafuta ukurasa wa sumu" inamsaidia mbunifu kuliko aya nzima ya kumtungia kanuni mpya (kila mtu anayo ya kwake, hata mimi). Taja mlikuwa wangapi na wahusika wa ngazi gani. Na ujaze usiku uleule, kesho yake utakuwa unakumbuka utani tu.