Je, naweza kuambukizwa ugonjwa nikitolewa damu ya vipimo?

SWALI: Daktari, naishi Umoja, Nairobi. Nina kisukari, kwa hivyo napimwa damu kila miezi mitatu. Miezi mitano iliyopita nilitolewa damu katika kliniki ya mtaani. Huwa siwezi kutazama sindano, niligeuza uso, basi sikuiona ikifunguliwa. Baadaye nikakumbuka kwamba mpimaji hakubadilisha glavu baada ya kumhudumia mzee aliyenitangulia, na kwenye mkono wa kiti palikuwa na doa la damu. Tangu hapo sina usingizi. Nimepima virusi vya Ukimwi mara nne, mara ya mwisho wiki iliyopita, na majibu yote ni hasi. Bado moyo hautulii. Vipimo vya sukari vya mwezi jana sikwenda kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Mama, kwanza mimi si daktari. Ni mwanateknolojia wa maabara, na kutoa watu damu ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi. Nianze na Ukimwi, maana ndio unaokukosesha usingizi, na hapo jibu ni fupi: umemaliza. Kipimo kilichofanywa baada ya miezi mitatu kupita kikitoka hasi, tukio lile limefungwa. Cha tano hakitakuambia lolote ambalo cha nne hakikukuambia.

Sasa sindano yenyewe. Tunayotumia siku hizi ina ncha mbili. Moja huingia kwenye mshipa wako. Ya pili, iliyovikwa mpira mwembamba, hutoboa kifuniko cha chupa. Chupa imeondolewa hewa, kwa hivyo damu huvutwa yenyewe hadi ijae kiasi chake. Hakuna dawa inayosukumwa kukuingia mwilini. Kwa hiyo hatari kubwa ni moja tu, sindano iliyokwisha kumchoma mtu mwingine, na hilo si la kubuni. Mwaka 1999, huko Palo Alto, California, iligunduliwa kwamba mhudumu mmoja wa kutoa wagonjwa damu alikuwa akirudia baadhi ya sindano, na maelfu ya wagonjwa wakaitwa kupimwa upya. Mwaka 2014, katika kijiji cha Roka nchini Kambodia, zaidi ya watu 200 waligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi, na aliyekuwa akiwadunga hakuwa na leseni.

Hata hivyo, sindano mpya inajulikana kwa macho. Tazama kiganda chake: ni vipande viwili vya plastiki, aghalabu kimoja cheupe na kingine cha kijani au cheusi, na mahali vinapokutana pamezungushwa karatasi. Mpimaji akikizungusha, karatasi hukatika kwa mlio mdogo. Ukiona imekatika kabla hajaigusa, sema, “Samahani, naomba nyingine.” Sirinji, na ile sindano ya mabawa ya mishipa midogo, huja katika pakiti iliyobanwa, nayo ichanwe mbele yako. Ukishaona hapo, geuza uso upendavyo.

Glavu ndizo zinazonikera. Wengi wetu katika kazi hii tunazivaa kujikinga sisi, halafu tunasahau kwamba zinambeba mgonjwa wa kwanza hadi kwa wa pili. Zilipaswa kubadilishwa, na lile doa lilipaswa kupanguswa kwa dawa kabla hujaketi. Ni uzembe, na ulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini uzembe na maambukizi si kitu kimoja. Damu ya mtu ikigusa ngozi nzima haipiti. Ingebidi iingie kwenye kidonda, jichoni, mdomoni, au kwenye tundu la sindano lenyewe kabla halijazibwa kwa pamba. Hata wahudumu wanaochomwa kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya Ukimwi, wanaoambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Wewe hukuchomwa na damu ya mtu. Uliketi karibu na doa.

Ule mpira wa kufunga mkono nao hupita kwa watu wengi, na sitakudanganya kwamba huoshwa kila mara. Unaweza kubeba bakteria, ila virusi vya damu havipenyi ngozi kwa kufungwa mpira.

Kama ni lazima uwe na wasiwasi, basi uhamishie kwenye homa ya ini B. Virusi vyake hukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka, na mhudumu asiye na kinga akichomwa, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 kwa 100. Na kwa mgonjwa wa kisukari kama wewe, mlango wake mkubwa hauko kwenye mshipa. Uko kwenye kidole. Umewahi kwenda kambi ya matibabu ya bure, kanisani au uwanjani, watu wamepanga foleni wapimwe sukari? Kile kikalamu cha springi kinachodunga kidole kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kubadilisha kisindano cha ndani hakutoshi, kwa sababu damu hubaki kwenye kichwa cha kikalamu. Milipuko ya homa ya ini B imetokea kwa njia hiyo hiyo katika nyumba za kutunzia wazee huko Marekani, na tangu 2011 nchi hiyo imependekeza wagonjwa wa kisukari walio chini ya miaka 60 wachanjwe. Wakikujia na kikalamu cha wote, kataa. Kubali kile kidude cha plastiki kinachodunga mara moja na kutupwa. Chako cha nyumbani usimwazime hata dada yako.

Kliniki yoyote utakayokwenda, tazama ukutani kama leseni ya KMLTTB, bodi inayosimamia maabara na wahudumu wake kwa sheria ya 1999, ni ya mwaka huu. Karibu na kiti pawe na lile sanduku la njano la kutupia sindano, lisilofurika. Siku ukiona kwa macho yako sindano ikirudiwa, usikae nyumbani ukihesabu miezi. Fika hospitalini kabla ya saa 72 kwisha, kuna dawa za siku 28 za kukinga virusi vya Ukimwi.

Linalonitia hofu zaidi katika barua yako ni vipimo ulivyoruka. Sukari isiyofuatiliwa hula macho na figo bila kupiga hodi. Nenda wiki hii. Na kama baada ya majibu haya utajikuta bado unatafuta mahali pa kupima Ukimwi mara ya tano, mweleze daktari wako wa kisukari hivyo hivyo ulivyonieleza, akuelekeze kwa mshauri nasaha. Wasiwasi wa namna hiyo una matibabu yake, na maabara hatuna.

Ukiwa huko, omba na vipimo vya homa ya ini B na C. Kwa B, omba wakuangalie maambukizi na kinga pia. Ikionekana huna maambukizi wala kinga, anza chanjo siku hiyo hiyo: dozi ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.