Maziwa yaliyochemshwa yanakataa kuganda

SWALI: Ndugu Mhariri, tunafuga ng'ombe wawili hapa Tukuyu. Zamani tuliweka maziwa mabichi kwenye kibuyu na baada ya siku mbili tukapata mtindi. Tangu bwana mifugo atushauri kuyachemsha kwanza, hayagandi vizuri, yanakuwa machungu na yananuka. Mama mkwe anasema tunayaua maziwa. Je, turudie mabichi, maana uchachu nao si unaua vijidudu? – Mama Rehema, Rungwe.

JIBU: Mama Rehema, mama mkwe wako hajakosea, ingawa dawa ya tatizo si kurudia maziwa mabichi. Mwaka 1857 Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kuwa uchachu wa maziwa ni kazi ya viumbe hai. Bakteria hao, wanaotoka kwenye chuchu za ng'ombe, mikononi na zaidi katika kuta za kibuyu chenyewe, hula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki, na pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) inaposhuka hadi 4.6 hivi protini iitwayo kasini huganda. Ukichemsha, unawaua hao wagandishaji, lakini mbegu sugu za bakteria wa jamii ya Basilasi hustahimili hata maji yanayochemka, kisha maziwa yakipoa huamka na, kwa kuwa hakuna wa kushindana nao, huvunjavunja protini. Ndiyo maana umeonja uchungu badala ya uchachu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu uchachu kuua vijidudu, usiutegemee. Bakteria wa brusela, wale wanaofanya ng'ombe atupe mimba na binadamu apate homa za vipindi, jasho la usiku na maumivu ya viungo (homa ambayo wengi huidhania malaria), wanaweza kubaki hai katika mtindi kwa siku kadhaa. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupitia maziwa mabichi.

Kwa hiyo chemsha, kisha urudishe ulichokiua. Acha maziwa yapoe hadi yawe vuguvugu, changanya vijiko viwili vya chakula vya mtindi mzuri uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kwa kila lita, funika, uzungushie blanketi, kwa sababu bakteria hao hupenda nyuzi 25 hadi 30 na usiku wa Juni huko kwenu hauwafikishi. Kwa mara ya kwanza nunua mtindi wa kiwandani, usichote kwenye kibuyu cha zamani, ambacho kinaweza kuurudisha ugonjwa uleule uliouchemsha.

Mtindi mzuri hukatika kwa kijiko kama ugali laini, ukiwa na maji ya kijani-njano pembeni. Ukiona vitundu vya hewa ndani yake na povu juu, mara nyingi hao ni bakteria wa kinyesi walioingia kwa mkono au chombo kichafu.  Mtindi wenye vitundu hivyo umwage, na usiutumie kugandisha mwingine.