Injini inayokataa kuzimika

SWALI: Injini ya ndege ndogo ninayoirusha, yenye silinda nne na kabureta, imeanza tabia mpya. Nikivuta wenzo wa mchanganyiko (wa petroli na hewa) hadi mwisho ili kuizima, mizunguko hupanda ghafla kwa takriban 150 kwa dakika, kisha injini huendelea kukohoa kwa sekunde kadhaa kabla ya kunyamaza. Rubani mwenzangu huimaliza kwa kuzima magneto, kifaa kinachotoa cheche za kuwasha petroli. Je, kuna ubaya?

JIBU: Ndugu msomaji, kupanda kidogo kwa mizunguko si ugonjwa. Injini inayozunguka polepole hupewa petroli nyingi kidogo kuliko inayohitaji, na unapoikata, mchanganyiko hupita kwanza mahali penye nguvu zaidi, yaani takriban sehemu 12 au 13 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, ndipo unapokuwa mwepesi mno usiweze kuwaka. Kwa injini nyingi za aina hii, ongezeko la mizunguko 25 hadi 50 ni dalili njema, ingawa kitabu cha injini yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Ongezeko la 150 linaonyesha kwamba petroli imezidi.

Kinachonishughulisha zaidi ni huko kukohoa baadaye, kwa sababu kunaonyesha kwamba petroli bado inaingia ingawa wewe umeamini umeifunga. Dalili hizi mbili zikija pamoja, mimi huanza na pampu ya mkono ya kuwashia injini. Isiposukumwa ikafungwa sawasawa, au mipira yake ya kuzuia mvujo ikichakaa, injini hufyonza petroli kupitia humo bila kupita kwenye kabureta, na wenzo wa mchanganyiko hauna mamlaka yoyote juu ya njia hiyo. Ikiwa pampu ni nzima, fundi afungue kifuniko cha injini na kumwomba mtu avute wenzo taratibu, huku yeye akitazama kama mkono ulio kwenye kabureta unagonga kizuizi chake. Kebo inayounganisha wenzo na mkono huo, ikiwa imeteleza kwenye kibano chake, huacha pengo dogo ambalo ukiwa ndani ya chumba cha rubani huwezi kulihisi. Atazame pia sehemu ya chini ya kabureta: petroli ya ndege aina ya 100LL ina rangi ya buluu, na inapovuja ikakauka huacha doa la rangi hiyo.

Kuhusu kuzima kwa magneto, namsihi mwenzako aache. Cheche zikikatwa wakati petroli bado inaingia, silinda hubaki na mchanganyiko mbichi, na atakayeisogeza propela kwa mkono anaweza kuuwasha. Magneto haihitaji betri. Huzalisha umeme wake yenyewe kila inapozungushwa, na swichi huinyamazisha kwa kuunganisha waya wake na mwili wa injini. Waya huo ukikatika, ufunguo utasoma "zimwa" ilhali magneto iko hai, na anayezima kwa kukata mafuta kila siku hatalijua hilo.

Kwa hiyo, kitabu cha ndege kikiruhusu, fanya jaribio hili kabla ya kuvuta wenzo: injini ikiwa katika mizunguko ya chini kabisa, peleka ufunguo kwenye "zimwa" kwa kitambo kifupi, usikie injini ikianza kufa, kisha uurudishe mara moja. Usilifanye katika mizunguko ya juu, kwani petroli isiyoungua hujikusanya kwenye bomba la moshi na inaweza kulipuka humo. Injini isipoonyesha kufa, zuia watu wote kusogelea propela mpaka fundi apate waya uliokatika au swichi iliyochakaa.

SWALI: Propela yangu hurudi nyuma kidogo inaposimama, na husikika mlio wa "klak". Je, nizuie ndege isiruke?

JIBU: Hapana, ikiwa injini ilizimika mara tu ulipokata mafuta. Pistoni iliyokosa nguvu ya kumaliza mgandamizo husukumwa nyuma na hewa iliyobanwa, na mlio huo kwa kawaida ni wa kifaa chenye springi kinachoisaidia magneto wakati wa kuwasha, ambacho hushika tena mizunguko inaposhuka. Propela ikirudi kwa kishindo huku injini ikiwaka, mweleze fundi kabla ya safari inayofuata.