Siku ya tisa nilinyanyua beseni

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji. Jina lake nalihifadhi. Aliandika hivi: "Dada, leo ni siku ya nne tangu niongeze matiti. Yamekaa juu karibu na shingo, magumu kama mawe, na la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Nimejiangalia kwenye kioo nikalia. Nimejiharibu?"

Nilisoma mara mbili. Maneno hayo niliyasema mimi miaka mitatu iliyopita, siku ya nne vilevile, nimesimama bafuni na vifungo vya blauzi vimefunguliwa.

Kabla sijamfariji nilimuuliza. Hilo la kushoto limekua ghafla, ndani ya saa chache? Limekaza, linauma kuliko mwenzake, ngozi imegeuka zambarau? Una homa? Kuna wekundu unaosambaa, au maji yanayonuka kwenye mshono? Nilianza hapo kwa sababu damu inaweza kuvilia ndani ya titi baada ya upasuaji, hasa katika siku mbili za mwanzo, na titi linalovimba ghafla upande mmoja huwa halisubiri asubuhi, unampigia daktari saa hiyo hiyo. Akajibu kwamba hapana, yamekuwa hivyo tangu alipotoka hospitali, na daktari alishayaona. Basi nikashusha pumzi, nikamwandikia kwamba hujajiharibu, mdogo wangu. Siku ya nne si siku ya kujihukumu kwenye kioo.

Kipandikizi, yaani ule mfuko unaowekwa ndani ili kuongeza titi, kikiwekwa chini ya msuli wa kifua, ule msuli unashtuka na kukaza. Unakibana kipandikizi na kukisukuma juu. Juu yake kuna uvimbe, na ngozi yenyewe bado haijazoea. Wiki zinavyokwenda msuli unalegea, uvimbe unashuka, titi linateremka mahali pake na kuwa laini. Kazi hiyo huchukua miezi mitatu hadi sita, na matiti mawili hayaendi kwa mwendo mmoja. Langu la kulia lilikuwa limeshuka wiki ya tano. La kushoto lilikaa juu mpaka mwezi wa tatu, na kila asubuhi nililishika nikiamini kwamba limekwama.

Sababu zangu za kufanya upasuaji ni zangu, sizielezi hapa, na wewe usijione una deni la kumweleza mtu za kwako. Nilisubiri miaka saba. Niliweka akiba mwenyewe. Nilikaa na madaktari wawili kabla ya kumchagua wa tatu. Ninajivunia hayo mpaka leo.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nilipigwa nusu kaputi, nikaamka yameshaisha. Nilipoamka nilihisi kama mtu mzima amekaa kifuani kwangu na hana mpango wa kuondoka. Siku ya kwanza nilidhani huo ndio ukomo wa maumivu. Haukuwa. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya zaidi, maana ganzi waliyonichoma ndani ilikuwa imekwisha. Usiku ule wa kwanza nyumbani nilitaka kwenda chooni. Nikaweka kiganja kwenye godoro nijisukume kama siku zote, na maumivu yakanirudisha kwenye mito kabla hata bega halijainuka. Nikabaki nimekodolea dari. Hapo ndipo nilipojua kwamba msuli wa kifua unafanya kazi ambayo hatujawahi kuishukuru: kusukuma mlango, kuvuta shuka, kufungua kizibo cha chupa, kukamua dawa ya meno.

Miguu ndiyo iliyonitoa kitandani. Unalala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito mitatu, na mto mwingine chini ya magoti ili usiteleze. Ukitaka kuamka, unashusha miguu kando ya kitanda, uzito wake ndio unaokuinua, na msaidizi anaweka kiganja nyuma ya mgongo wako. Asikuvute mikono. Mwambie mapema, maana kila mtu mwema atakimbilia kukuvuta mikono. Hivyo hivyo nililala wiki tatu.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyenitajia, kwa aibu nadhani. Zile dawa kali za maumivu hufunga choo. Siku ya nne nilikuwa sijaenda, na kujikamua kunauma kifuani kuliko kukohoa. Kunywa maji mengi, tembea ndani ya nyumba, na muulize daktari kuhusu dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kabla tumbo halijawa jiwe.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka kulisema.

Siku ya tano alikuja kunitazama ndugu yangu wa karibu, mkubwa kwangu, mtu niliyempenda na ninayempenda bado. Nilijitahidi kuinuka kwenye kiti nimpokee, nikaguna. Akanitazama kifuani, kisha usoni, akasema, "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Akakaa, akaanza kuzungumza mambo mengine.

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo sababu iliniingia sana. Tangu saa ile niliacha kuomba msaada. Nilimeza vidonge kwa kujificha. Mtu akiuliza naendeleaje, nasema salama. Aliyekuwa ananisaidia nyumbani nikamwambia aende zake, nimepona. Nilitaka kuonyesha kwamba kama nilijitakia, basi ninaweza kubeba mwenyewe.

Siku ya tisa nilifua mashuka. Mashine ilifua, mimi nikayatoa mabichi, nikayatia kwenye beseni, nikalinyanyua kwa masikio yake mawili. Nilipiga hatua kama sita hivi. Sikusikia maumivu. Nilisikia joto, kitu cha uvuguvugu kikiteremka taratibu kutoka chini ya titi la kushoto kuelekea tumboni. Nikaweka beseni chini. Nikafungua vifungo. Kwenye sidiria kulikuwa na doa lenye upana wa kifuniko cha chupa, katikati jekundu, pembeni manjano. Nilipoivuta sidiria nikaona mshono umeachia upande wa kuelekea kwapani, umefunua mdomo wenye urefu wa ukucha wa kidole gumba, na kila nikivuta pumzi ule mdomo unafunguka na kujifunga.

Nilikaa sakafuni kando ya beseni. Cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa daktari. Ilikuwa ile methali.

Daktari alisafisha, akashona upya, akaniandikia dawa za kuzuia maambukizi. Akanieleza kwa upole kwamba bakteria wakikifikia kipandikizi, mara nyingi hakuna namna ila kukitoa, ukae bila kitu kwa miezi kadhaa, kisha uanze upya. Mimi nilinusurika. Lakini kovu langu la kulia ni uzi mwembamba uliojificha kwenye mkunjo wa titi, na la kushoto ni pana, limeinuka, na baridi ikija linawasha. Kila nikioga naliona.

Kwa hiyo nisikilizeni, wenzangu mliofanya na mnaojiandaa kufanya. Mama akijifungua mtoto aliyemwomba kwa miaka kumi, tunampa hongera na pole kwa pumzi moja. Hakuna anayemwambia alijitakia. Nyama iliyokatwa haijui kama ulikatwa kwa ajali au kwa hiari yako, inapona kwa mwendo ule ule, na inataka mapumziko yale yale. Ukiumwa, sema naumwa. Ukihitaji mtu, mwite. Anayekunyima pole kwa sababu ulichagua, mwache aende na maneno yake, usiyabebe wewe, maana siku zile huruhusiwi kubeba kitu!

Na kutokubeba si mchezo. Kwa wiki za mwanzo usinyanyue kitu kizito kuliko kilo mbili au tatu, na mikono isipande juu ya mabega mpaka daktari aseme. Mazoezi mazito kwa kawaida husubiri wiki sita. Mimi nilirudi kwenye kazi ya mezani siku ya kumi na nane kwa sababu ya ule mshono, wengine hurudi baada ya wiki moja tu. Kabla hujaenda kupasuliwa, teremsha kila unachotumia kiwe usawa wa kiuno. Tafuta blauzi za vifungo vya mbele. Sidiria uliyopewa hospitali ivae usiku na mchana kama ulivyoelekezwa, na zile zenye waya ziweke mbali. Kama una mtoto mdogo, kaa kwenye kochi, yeye apande mwenyewe akuegemee ubavuni. Na panga mtu wa kufua. Nitalirudia hili mpaka nichoke.

Lakini kupumzika si kulala kama gogo. Tembea humo ndani mara kadhaa kwa siku tangu siku ya kwanza, damu isigande miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, au pumzi ikakatika ghafla, kimbilia hospitali. Kama unavuta sigara, acha wiki kadhaa kabla na baada, maana nikotini inabana mishipa ya damu na kidonda kinakosa chakula chake. Na watu watakaokuambia uyakande matiti ili yashuke, wasikilize kisha muulize daktari wako, kwa sababu inategemea aina ya kipandikizi ulichowekewa. Kuna vinavyotakiwa kuachwa vitulie.

Yapo na mambo ya ajabu ambayo yatakutisha bure. Chuchu inakufa ganzi, halafu wiki moja baadaye inapigwa na shoti kama ya umeme ukiwa umekaa kimya. Ni neva zinaamka. Ukigeuka unasikia maji yanacheza ndani, ni hewa na majimaji yaliyobaki, mwili unayanyonya. Wiki ya nne niliinua mkono nikaona kamba imesimama chini ya ngozi, kutoka chini ya titi mpaka karibu na kitovu, imekaza kama uzi wa gitaa. Nililia kwa hofu, nikiamini nimechana kitu kingine tena. Kumbe ni mshipa mdogo wa juu juu uliovimba na kuziba. Unaitwa ugonjwa wa Mondor, kwa jina la Henri Mondor, mpasuaji wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1939. Kwa kawaida huondoka wenyewe, na wangu ulitoweka baada ya wiki sita hivi. Hata hivyo nilimwonyesha daktari, nawe mwonyeshe.

Kulia pia ni sehemu ya wiki ile ya kwanza. Dawa, usingizi wa vipande vipande, mwili usioutambua. Kama huzuni haijaondoka baada ya wiki mbili tatu, mwambie daktari kama unavyomwambia kuhusu homa.

Na ile kadi. Utapewa kadi yenye jina la mtengenezaji, namba ya kipandikizi na ukubwa wake. Mwaka 2010 nchini Ufaransa iligundulika kwamba kampuni ya PIP ilikuwa ikijaza vipandikizi silikoni ya viwandani, isiyoruhusiwa kwa matibabu, na wanawake wa nchi nyingi wakaanza kuulizana wamewekewa vya nani. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Mwaka 2019 Allergan nayo iliondoa sokoni dunia nzima vipandikizi vyake vya Biocell vyenye ganda la kukwaruza, kwa sababu ya kuhusishwa na saratani adimu ya limfu. Bila kadi utajuaje kama vya kwako vimo? Tena hivi vitu havidumu maisha. Silikoni inaweza kuvuja kimya kimya bila dalili yoyote, ndiyo maana mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri kipimo cha MRI au ultrasaundi miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kadi yangu ipo pamoja na cheti changu cha kuzaliwa, na nimeipiga picha.

Mengi ya haya nilimwandikia yule mdogo wangu usiku ule, moja baada ya jingine, naye akawa anajibu sawa dada, asante dada. Mwisho nikamuuliza, "Nguo zako nani anafua?"

Akakaa kimya kidogo. Kisha akaandika, "Mwenyewe. Nilisema sihitaji mtu."

Nikampigia simu. Tulizungumza mpaka saa sita usiku, na kabla hatujaagana alikuwa ameshamtumia dada yake ujumbe. Amefika leo asubuhi.