Ukipunguza puli ya supachaja, springi za valvu ziangalie siku hiyohiyo

Mtu akitaka kuongeza nguvu kwenye pikapu yenye supachaja, ile pampu inayozungushwa na mkanda kuisukumia injini hewa, swali la kwanza huwa ni puli, niweke ya inchi ngapi, maana ikiwa ndogo supachaja inazunguka haraka zaidi. Naelewa kabisa kwa nini, puli unaibadilisha asubuhi na jioni gari imeshakuwa nyepesi. Valvu hakuna anayeziulizia mpaka injini ianze kukataa, na mi nilipitia hukohuko.

Injini yangu ni V8 ya lita 5.3, familia ya LS ya General Motors. Nilitoa puli ya inchi 3.4 nikaweka ya inchi 3.0, springi za valvu nikaacha zilezile zilizokuja na injini. Chini ilivuta vizuri sana, ila ikifika mizunguko kama 5,500 kwa dakika inaanza kukohoa na nguvu inakata. Nikasema mkanda unateleza, nikaweka mpya, bado, nikabadilisha tenshena inayokaza mkanda, bado, nikahamia kwenye plagi na injekta, wiki tatu zikaisha hivyo. Na jibu lilikuwa kwenye geji ya bosti, yani presha ya hewa inayosukumwa na supachaja, muda wote. Mkanda ukiteleza bosti inashuka, sasa yangu ilikuwa haishuki, injini inakohoa na mshale umesimama palepale. Yani hewa ipo ya kutosha ila valvu hazifungi kwa wakati.

Fanya hesabu hii kabla hujanunua chochote. Valvu ya kuingiza hewa kwenye hedi nyingi za 5.3 za mwanzo ina kipenyo cha inchi 1.89, uso wake ni kama inchi za mraba 2.8. Ukiwa na bosti ya PSI 8, yani pauni 8 kwa kila inchi ya mraba, inasukuma mgongo wa valvu kwa karibu pauni 22, ukipanda hadi 12 inakuwa kama pauni 34, na msukumo huo wote unataka kuifungua valvu wakati springi inataka ikae imefunga. Tuseme springi yako inakandamiza kwa pauni 90 valvu ikiwa imefunga, hapo umebaki na 56 tu, na springi ikishazeeka hata hizo 90 hazipo tena. Afu unataka ikimbie mizunguko mingi! Valvu itaruka kwenye kiti chake, haiwezi kukaa.

Kwa hiyo ushauri wangu, amua kwanza gari itafanya kazi gani. Kama ni ya kuvuta trela, nguvu unayoihitaji iko chini na katikati, huna sababu ya kuweka kamshafti (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) kubwa inayoamka mizunguko 4,000 kwenda juu, utakuwa na injini inayotetemeka ikiwa imewashwa tu bila kukanyaga mafuta na kilimani haina kitu. Ukishajua mwisho wa mizunguko yako na bosti unayotaka ndo unachagua springi, na hapo fuata springi ambazo mtengenezaji wa kamshafti amesema ziende na hiyo kamshafti, halafu mwambie kabisa kuwa una supachaja. Usikimbilie ngumu kuliko zote. Springi ngumu kupita kiasi inakula nundu za kamshafti na tapeti zinazopanda juu ya nundu hizo, na pushrodi nyembamba, ile fimbo inayopeleka msukumo wa tapeti kwenye valvu, inapinda kidogo kila valvu inapofunguka, ndo maana mi niliweka pushrodi zenye ukuta mnene pamoja na springi. Urefu wake usikisie. Za kawaida kwenye hizi injini ni karibu inchi 7.4, ila hedi ikishachongwa au gasketi ikibadilika unene huo urefu haufai tena, tumia pushrodi ya kupimia, ile inayorefushwa kwa kuzungusha.

Pima pia urefu wa springi ikiwa imefungwa kwenye hedi, na valvu ikifunguka mwisho kabisa koili zibakize nafasi ya kama milimita 1.5 kabla hazijagusana. Zikigusana kitu fulani lazima kivunjike.

Turudi kwenye puli. Kujua supachaja inazunguka mara ngapi kuliko injini, gawanya kipenyo cha puli ya krenki, shafti kuu ya injini, kwa cha puli ya supachaja. Inchi 7.5 kwa 3.4 ni 2.2, injini ikiwa 6,000 supachaja inazunguka kama 13,200. Ukiweka ya 3.0 inakuwa 2.5, yani 15,000 kamili. Angalia kikomo alichoandika mtengenezaji wa supachaja, usikipite, maana ukisogea huko inatengeneza joto zaidi kuliko hewa na joto ndo linaleta kugonga, yani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Puli ndogo pia inashikwa na mkanda sehemu ndogo, kwa hiyo sogeza puli ya kuelekeza mkanda ili uizungukie zaidi.

Zile puli za kupunguza mwendo wa alteneta na wota pampu mi siziweki kwenye gari ya mzigo, hamna mjadala. Unavuta trela polepole kwenye joto halafu unapunguza maji yanayozunguka, kwa faida gani? Na dampa ya krenki usiibadilishe na puli ya chuma kitupu kisa nyepesi, ile raba ndani yake ndo inameza mitetemo ya krenki.

Ukishafunga kila kitu, kabla hujagusa swichi, toa plagi zote uzungushe krenki kwa mkono raundi mbili kamili, sababu kamshafti inazunguka mara moja krenki ikizunguka mbili, raundi moja haijaonyesha valvu zote. Ukisikia imekwama simama hapohapo, usiongeze nguvu kwenye spana, rudi nyuma kidogo ufungue uangalie nafasi kati ya valvu na pistoni.