Mkuu, futa hilo jedwali la yadi kabla ya Jumamosi

Hilo jedwali usiende nalo. Umeandika kwamba Jumamosi mnakutana na wenzako wa ghalani hapo Houston kubishana nani kwotabeki (mrusha pasi wa timu) bora wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, tangu ligi ianze, kila mmoja kaweka dola 200, na wewe umewapanga wote kwa jumla ya yadi walizorusha maisha yao yote. Unauliza kama linatosha, kama Patrick Mahomes wa siku hizi ameshampita Joe Montana wa miaka ya 1980, na mechi gani za zamani uzitazame kabla ya siku yenyewe. Nilipofika kwenye "jumla ya yadi" nikaacha kusoma. Jedwali hilohilo, karibu mstari kwa mstari, lilinila dola 700.

Ilikuwa Februari 2023, wiki chache tu baada ya kwotabeki Tom Brady kutangaza kustaafu mara ya pili, na safari hii akastaafu kweli. Mimi naishi Baltimore. Kuna kinyozi mmoja tunakokusanyika Jumamosi jioni, na wengi wanaokaa pale hata nywele hawana, wamefuata mabishano. Tulikuwa tumevutana kwa wiki mbili, tukasema basi tumalize: kila upande uweke hela, wazee watatu wawe waamuzi. Mimi nikashika upande wa Brady. Jamaa mmoja wa bandarini akashika wa Johnny Unitas, aliyeichezea Colts ilipokuwa bado timu ya Baltimore. Nikajua hela imejileta. Unitas alimaliza na yadi 40,239. Brady 89,214. Unahitaji waamuzi wa nini hapo?

Na wala sikulitunga mwenyewe. Kuna kijana mmoja wa video za mtandaoni, simtaji, ana kipaza sauti cha bei mbaya na hoja ya senti tano. Yeye ndiye aliyekuwa anasema kila wiki, "namba hazidanganyi, wapange kwa jumla, kazi imekwisha." Nilimwamini kwa sababu alisema kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti. Leo najua alikuwa anasoma orodha ileile ambayo yeyote anaweza kuifungua kwenye simu, kutoka juu kwenda chini, na kuiita uchambuzi. Watu kama hawa wananikera hadi leo, maana hela iliyopotea haikuwa yao.

Nilisoma jedwali langu lote, wale wazee kimya. Nikamaliza kwa kusema Unitas hata kwenye kumi bora hayumo. Hapo mzee wa kati, wa miaka kama 80, aliyekuwa anaingia uwanjani na baba yake kumwona Unitas, akaniuliza swali moja: "Kijana, kwa kipimo chako, Jameis Winston wa 2019 na Dan Marino wa 1984, nani alikuwa na msimu mzuri zaidi?"

Mkuu, huu ndio mtego, na wewe unauendea kwa miguu yako. Winston 2019 alirusha yadi 5,109, akaongoza ligi nzima. Marino 1984 alirusha 5,084. Jedwali linasema Winston kwa yadi 25. Lakini Winston mwaka huohuo alirusha pasi 30 mikononi mwa wapinzani, timu yake ikashinda mechi 7 na kupoteza 9, msimu ulipokwisha wakamwacha aende, wakamleta Brady, na Brady akawapa Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi, mwaka wa kwanza tu.

Nilipaswa kukaa chini pale pale. Badala yake nikasema, "Winston, namba ndiyo namba." Watu wakaguna. Na kwa kuwa waliguna, nikapandisha dau. Nilikuwa nimeweka 350, nikaongeza 350 nyingine juu ya meza ya majarida, hela ambayo Jumatatu ilikuwa iende Moshi kununua mabati ya nyumba ya mama. Hapo ndipo nilipopotelea. Kukosea kwenye hoja kunasameheka. Kuongeza hela juu ya hoja ambayo umeshaonyeshwa tundu lake, hilo lilimfanya mama apitishe masika yote ya mwaka ule na ndoo sebuleni.

Mzee hakunicheka. Alinyanyuka kwenye kiti taratibu, akanisimamisha katikati ya saluni, akasema, "Wewe ni mpokeaji wa pasi. Kimbia kwenda kule mlangoni." Nikapiga hatua moja. Akaniwekea kiganja kifuani na kunisukuma, kila hatua ananisukuma, mpaka mgongo wangu ukagusa rafu ya mafuta ya nywele. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito, nilihisi kila kidole kupitia shati. Kisha akamwambia kinyozi anirushie taulo. Taulo likapita nami nimebanwa. Akasema, "Hii ndiyo pasi ya mwaka 1959."

Akaeleza kwamba enzi za Unitas beki aliruhusiwa kumgonga na kumzuia mpokeaji uwanja mzima kabla mpira haujarushwa. Mwaka 1978 ligi ikabadilisha: ukishapita yadi 5, beki hakugusi tena. Mwaka huohuo wanaomlinda kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja, na mechi zikaongezwa kutoka 14 hadi 16. Tangu 2021 ni 17. Unitas, msimu wa 1959, alicheza mechi 12 tu, na bado alirusha tachidauni 32, yaani pasi 32 zilizozaa bao. Aliwahi kuunganisha mechi 47 mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960, kila moja akiwa na angalau pasi moja ya tachidauni, na hakuna aliyeifikia rekodi hiyo mpaka Drew Brees mwaka 2012. Miaka 52, mkuu, na katikati yake sheria zilibadilishwa kuwapendelea warushaji waliokuja nyuma yake.

Waamuzi watatu wote wakampa jamaa wa bandarini. Alihesabu hela yangu polepole, akanipa mkono, akaniomba nisije nikaacha kuja. Muungwana yule.

Kwa hiyo kanuni ninayokupa ni moja, na ukisahau mengine yote shika hii: kwotabeki anapimwa na waliocheza mwaka wake. Usimpeleke Unitas kwa Brady. Mpeleke kwa makwotabeki wa 1959. Tafuta alizidi wenzake kwa kiasi gani, chini ya sheria zilezile, mechi zilezile, baridi ileile.

Rudi kwa Marino uone inavyofanya kazi. Mwaka 1984 alirusha tachidauni 48. Kabla yake rekodi ilikuwa 36. Na aliyemfuata mwaka ule, Dave Krieg wa Seattle, alikuwa na 32. Yaani tofauti ya 16 na mtu wa pili! Yadi 5,000 hakuna aliyezifikia tena mpaka 2008. Halafu 2011 wakazifikia watatu kwa mpigo: Brees, Brady na Stafford. Je, dunia ilizaa ghafla vipaji vitatu vya Marino mwaka mmoja? Mchezo ulikuwa umefunguliwa. Jedwali lako la jumla haliwezi kuliona hilo. Linamweka Philip Rivers zaidi ya yadi 22,000 juu ya Joe Montana, na mtu yeyote aliyekaa na Wamarekani wanaoujua mchezo huu atakuuliza hapo hapo Montana alikosea nini.

Mtu wa pete, yule anayehesabu pete za ubingwa tu, naye atakuwepo Jumamosi, yupo kila mahali. Atasema Brady 7, mwisho. Mwambie Otto Graham alicheza misimu 10 na Cleveland, 1946 hadi 1955, akafika fainali zote 10 na kuchukua ubingwa mara 7. Mwambie na Trent Dilfer ana pete, Marino hana, na Dilfer alibebwa na ulinzi wa timu yake ya Ravens ulioruhusu pointi 165 tu katika mechi 16. Timu ikamwacha aende miezi michache baada ya kombe. Lakini usipoteze muda mwingi na pete, rudi kwenye kanuni.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Brady angeshinda pale kwa kinyozi. Hoja ilikuwepo na mimi sikuijua, nilikuwa nimekazana na 89,214. Msimu wa 2021, akiwa na miaka 44, Brady aliongoza ligi kwa yadi, 5,316, na kwa tachidauni, 43. Waliokuwa chini yake mwaka ule ni vijana wa kina Mahomes na Herbert, mechi 17 kwa 17, mabeki walewale. Mwaka 2007 alirusha tachidauni 50, wa pili Tony Romo akawa na 36. Hiyo ningemwekea yule mzee mezani, angelazimika kunisikiliza.

Leo usiku futa safu ya jumla. Andika mwaka, mechi alizocheza, tachidauni zake, na za mtu wa pili mwaka huohuo. Ukimaliza liweke hapa kabla ya Ijumaa nilione, na hiyo 200 isiongezeke hata dola moja.